Duara la Krismasi Mlangoni

Jirani yangu hapa mtaani Majimbo, mwalimu, alitumia siku tatu nzima kusokota maganda makavu ya mgomba yawe duara la kupamba mlango Krismasi. Akalivika matawi ya msaipresi, utepe mwekundu na pamba ya kuigiza theluji, ilhali theluji yenyewe inatuangalia bure kutoka kilele cha mlima ulio mbele yetu. Majirani tukaitwa kulipiga picha. Kuligusa, marufuku.

Siku yenyewe akafika mama mkwe wake kutoka Manyatta, amekumbatia kibuyu cha uji. Kibuyu hakina kitako. Kila alipokiweka kwenye meza ya kioo, kilitaka kulala. Mama akageuka, akaona mlango.

"Ngata nzuri hivi ya kuwekea vyungu, mmeitundika ya nini?"

Akaitungua, akakung'uta pamba, akakiketisha kibuyu juu yake. Kikatulia tuli.

"Mama, hiyo ni ya Krismasi!" mwalimu akapiga kelele.

"Kwani leo ni Pasaka? Lete vikombe."

Tukanywa. Mwalimu naye, amenuna, akanywa viwili. Na kwa taarifa yenu, ule mlango mtupu uliendelea kufunguka na kufungika vilevile.