Chai Iliyomrudisha Mama

Chumba chetu cha Guangzhou kilinuka iliki na nguo zisizokauka. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Baba alikuwa akisomea lugha chuoni, mama na mimi tumemfuata kutoka Tanga. Mvua ilinyesha siku nzima. Mama hakutulia: mara akae, mara asimame, mara afungue dirisha, mara alifunge. Begi lake lilikaa nyuma ya mlango, limeshafungwa, na kila nilipotoka shule nilitazama kwanza kama bado lipo.

Baba yeye alikuwa hashikiki kwa neno moja tu, chai. Kila mwanafunzi mwenzake akija, lazima ahojiwe. Mwangola mmoja alisema Wareno huiita chá, kama wenyeji wa Guangzhou, maana walilichukua huku huku. Wafaransa husema thé, na Waingereza na Waholanzi wako karibu nao, kwa kuwa neno lao lilitoka Fujian, mkoa wa jirani. Warusi husema chai kama sisi, lao lilisafiri nchi kavu kuwafikia. Wapolandi wana herbata, wameichanganya na jina la mitishamba. Tena kwa Waingereza wengine chai ni mlo wa jioni, kwetu ni wa asubuhi! Baba alifurahi kama mtoto. Nilimpenda alipokuwa hivyo, ila mama alizidi kununa.

Siku moja alikuja mwalimu wa baba. Mama alipommiminia chai, mgeni akagonga meza kwa vidole viwili. Mama akalitua birika.

"Ananiharakisha? Mimi mtumishi wake?"

Baba akacheka, akaeleza kuwa ndiyo asante ya watu wa huku. Kicheko kile ndicho kilichoharibu. Mgeni alipoondoka, baba akajaribu kumpoza kwa habari zake zile zile: neno limetoka hapa, limezunguka dunia, limefika hadi Tanga.

"Basi limenishinda akili, Baba Salma," mama akasema. "Lenyewe lilifika kwetu, likatulia."

Wiki ile ile tukaondoka, mimi na yeye. Baba aliahidi kutufuata akimaliza masomo.

Alimaliza, akapata kazi ya kufundisha, akabaki. Siku hizi nusu ya mtaa wetu wameshafika Guangzhou kuchukua mizigo, na mimi nina watoto wangu. Baba hupiga simu asubuhi, swali lake moja: "Mmekunywa chai?" Kabla sijamjibu, hujikuta nimegonga meza kwa vidole viwili. Baba hasikii. Mama husikia, akainuka kwenda kufungua dirisha.