Uso Chini ya Matambara

Baba mdogo hakuwahi kuweza kutengeneza sanamu ya mtu aliye hai. Sanamu zote za mji huu ni zake: daktari wa pale mbele ya hospitali, mpiga tarumbeta wa bustanini, yule bibi mkunga aliyeshika taulo. Wote walikuwa wamekwisha kuzikwa alipowaanza. Mwaka mmoja walimletea picha ya mwalimu aliyesemekana amezama mtoni. Wiki tatu nzima alihangaika, pua ikawa kama kiazi, macho hayalingani, mpaka nikaanza kumcheka. Wiki ya nne mwalimu akarudi kwa miguu yake, amevaa shati la kuazima, anauliza nani kachukua baiskeli yake. Baba mdogo akaubomoa udongo.

"Nilijua," akaniambia. "Huyu alikuwa hatulii mkononi."

Niliyachukulia kuwa maneno tu ya mtu anayetetea pua mbaya. Mimi si wa kutishika ovyo, na kwa hasira nimejaliwa. Mama husema nilizaliwa nimekunja ngumi. Kazi yangu pale karakana ilikuwa moja, tena haina sifa: kulowesha matambara. Udongo ukikauka unapasuka, kwa hiyo kila jioni kichwa cha sanamu hufunikwa matambara mabichi, asubuhi kikafunuliwa. Maji yakipungua, nyufa. Yakizidi, uso unalegea, mashavu yanashuka, na kazi ya siku nzima imekwenda na maji. Miaka sita niliyoifanya kazi hiyo sikuwahi kuharibu hata sikio.

Karakana iko nyuma ya nyumba yetu, ukuta mmoja na jiko la mama, lakini mama alikuwa haingii. "Hao wafu wako kaa nao mwenyewe, shemeji," ndiyo ilikuwa salamu yake. Alikuwa na sababu. Baba yangu, kaka yake baba mdogo, aliondoka nikiwa na miaka minne kwenda kutafuta kazi ya ujenzi, akasema atarudi mwisho wa mwezi. Ikapita miaka ishirini na mbili. Ndugu walikuja mara tatu kumshauri mama amlilie mumewe yaishe, na mara tatu aliwasindikiza hadi mlangoni kwa upole wa kutisha. Fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwanamume mstaarabu ajabu, alimposa. Mama akamjibu, "Nina mume." Fundi akasubiri miaka mitano, akaoa kwingine, na mama akampelekea zawadi ya harusi. Zawadi ile sijamsamehe mpaka leo.

Basi, baraza la mji likataka sanamu ya mjenzi, isimame kando ya daraja jipya. Safari hii hakukuwa na picha. "Weka uso wa mtu yeyote," karani wao alisema. Baba mdogo hakuwahi kupewa kazi ya namna hiyo. Alifunga waya kwenye nondo, akapachika udongo, akamtoa kijana mzuri, shingo nene, kidevu mbele. Nikamfunika, nikaenda zangu.

Asubuhi nilipomfunua, mashavu yalikuwa yameshuka.

"Umemwaga maji," baba mdogo akasema.

"Sijamwaga."

"Basi yamejimwaga yenyewe."

Akamrekebisha. Kesho yake mashavu yameshuka tena, na chini ya macho imetokea mifuko. Tukagombana kweli kweli. Nikakamua matambara mpaka viganja vikaniuma. Siku ya tatu shingo imekonda, mshipa umetokeza. Maji hayakondeshi shingo. Nilijua hilo, naye alijua, ila tuliendelea kugombania maji kwa sababu maji tuliyazoea. Siku ya nne, kwa ubishi wangu, nikamfunika matambara makavu kabisa, nikafunga mlango, nikalala na ufunguo. Asubuhi nilitegemea nyufa. Hapakuwa na ufa hata mmoja. Udongo ulikuwa mbichi, na kwenye shavu la kushoto kulikuwa na kovu refu, toka sikioni hadi karibu na mdomo.

Baba mdogo akakaa juu ya ndoo.

"Unamjua?" nikamuuliza.

"Hizo nyusi unazo wewe," akasema.

Mimi sura ya baba siikumbuki. Lakini mwalimu wa mtoni nilimkumbuka, na pua yake ya kiazi. Kama mikono hii inawajua wafu tu, na uso huu ni wa baba, basi mama ni mjane na hajui. Niliogopa, nakiri. Nikamwambia baba mdogo abomoe. Akachukua nyundo, akaipima mkononi, akairudisha mezani.

Kuficha siwezi. Nikamwita mama, saa nne asubuhi, akaja na povu la sabuni mikononi. Akaifuta mikono kwenye kanga, akasogea mbele ya kile kichwa.

"Samahani, mama," nikasema kwa woga. "Maji yalizidi. Uso umelegea."

"Haujalegea," akasema mama. "Amezeeka."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Siku zote nilipowasikia ndugu wakisema amekufa, nilidhani alikufa mwezi ule ule, kijana, njiani akirudi kwetu. Mama akagusa makunyanzi pembeni mwa macho. "Haya ni ya kucheka," akasema. Kisha akafika kwenye kovu. Akalipitia kwa kidole polepole. "Hili silijui. Limeshonwa vizuri, limepakwa mafuta kila siku mpaka likapona. Kuna mtu alimuuguza huyu."

"Nitalifuta, shemeji," baba mdogo akasema. "Nitamrudishia ujana wake."

"Ukigusa kunyanzi moja, utahama hapa."

Sanamu ikamiminwa shaba vile vile ilivyo. Fedha za kumjengea jukwaa hazikutosha, kwa hiyo mjenzi alisimamishwa chini kabisa, unaweza kumshika bega. Siku ya kumfunua, karani akauliza uso umetoka wapi. Kabla baba mdogo hajafungua mdomo, mama akasema, "Ni marehemu mume wangu." Ndugu wakalia. Yeye hakulia.

Tangu hapo kila Jumamosi tunakwenda kukaa kwenye benchi ng'ambo ya barabara. Nilidhani anakwenda kumtazama baba, na iliniuma. Ilinichukua miezi miwili kugundua kwamba mama haitazami sanamu hata kidogo. Anatazama wanawake wanaopita mbele ya sanamu, mmoja mmoja.

Jumamosi iliyopita alipita mwanamke wa rika la mama, na begi la safari. Akaipita sanamu, akasimama, akarudi hatua tatu. Akaweka begi chini. Hakugusa bega wala mkono. Alipitisha kidole gumba kwenye lile kovu, kutoka sikioni kushuka, taratibu, kama mtu anayepaka mafuta.

Mama akainuka. "Nishikie mkoba wangu," akaniambia, akavuka barabara bila kuangalia magari.