Bawabu wa Nyumba ya Sala

Kila alfajiri, mjane Januaria aliwapokea Wakristo wa mji wa Kirta nyumbani kwake wasali; na kila alfajiri bawabu alimtia hasira. Mzee huyo alidai barua ya utambulisho hata kwa watu aliowajua miaka ishirini, akaisoma kwa kidole, herufi moja moja, midomo ikichezacheza.

"Mzee wangu, mimi ndiye mwenye nyumba!"

"Najua, mama. Barua?"

Askari wa Kaisari walipokuja kutwaa vitabu vitakatifu wavichome, bawabu aliwapokea vivyo hivyo.

"Amri mnayo? Nipeni niisome." Kidole kikaanza safari yake. "Mbona mhuri umepinda?"

"Wee kizee, unatupotezea siku!"

"Polepole, mwanangu. Macho yenyewe haya ya zamani."

Wakati huo Januaria alikuwa akiparamia ukuta wa nyuma, kitabu cha mwisho kifuani.

Aliporejea, goti limechubuka, askari walikwisha kuondoka mikono mitupu. Bawabu, shavu limevimba kwa makofi, alinyoosha kiganja.

"Barua, mama?"

Januaria alimkodolea macho. Kisha akaokota kigae na kipande cha mkaa, akaketi kizingitini kujiandikia ruhusa ya kuingia nyumbani kwake.