Mtoto kwenye Mizani ya Tumbaku

Juma lililopita nilimsindikiza dada yangu kwenye kituo cha hapa Litapunga kinachofundisha vijana walioacha shule. Mjukuu wake anasoma pale, mwanawe mchanga mgongoni. Nilitarajia madawati. Nikakuta wamekaa duara juu ya mikeka, na somo la siku ni swali la mmoja wao: kwa nini mtoto akiharisha anapewa maji yenye chumvi na sukari. Basi, rafiki yangu, pua yangu ikajaa harufu ya tumbaku, ingawa pale hapakuwa na hata jani moja.

Maana utotoni tulikuwa na darasa kama lile, ndani ya bani la jirani, kibanda cha kukaushia tumbaku kilichoachwa, kuta nyeusi kwa moshi. Mwalimu aliwakusanya wakubwa waliopitwa na umri wa kuanza shule, dada yangu akiwa mmoja wao. Hakushika fimbo. Aliwauliza wameamka wakiwaza nini, na mwenye swali ndiye aliyeongoza somo. Bibi aliwapelekea karanga za kuchemsha, kisha akabaki palepale akisikiliza, akijifanya anachambua mbovu.

Swali la dada lilikuwa hili: pale zahanati wanajuaje dawa ya kumtosha mtoto mdogo na ya kumtosha mkubwa? Mwalimu akaazima mizani ya tumbaku. Wakamning'iniza mtoto wa jirani ndani ya kikapu, akacheka mpaka akawakojolea. Wiki iliyofuata dada angeongoza hesabu yenyewe. Alifanya mazoezi kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, huku akiimba.

Mimi nilisoma shule ya kaptula na viboko. Ili dada aende bani, mchana nilichota maji badala yake, na wavulana wenzangu walinisubiri njiani wanicheke.

"We binti, ndoo inamwagika! Na dada'ko leo kauza watoto kilo ngapi?"

Jioni moja, tukila ugali na kisamvu, baba akaniuliza, "Hivi kule bani wanasoma nini?"

"Wanacheza tu, baba. Wanapima watoto."

Kesho yake baba akamkataza bani, na dada akachukua ndoo. Hakunigombeza. Hesabu yake ilikaa ukutani, nusu, mpaka bibi alipolisiriba jiko upya.

Bani lilishabomoka, pale pamelimwa alizeti. Mwalimu alihama, bibi tulimzika, na ile harufu ya moshi na karanga sijaikuta tena popote. Lakini siku ile kituoni, mwalimu kijana alimgeukia dada yangu.

"Bibi, na wewe una swali?"

"Nilikuwa nalo," akasema, akinipiga kikofi begani. "Muulizeni huyu mdogo wangu alikolipeleka."

Duara zima likacheka. Nami nikacheka, macho yakiniwasha.

Wiki hii ni zamu ya mjukuu wake kuongoza somo. Asubuhi namchotea maji; bombani foleni ni ndefu, na wanawake wananitania, mzee mzima na ndoo. Nawaambia chekeni tu nyie, yule binti atawahi darasani.