Mlinzi Ndani ya Ngumi

Hebu mwone mtaalamu wa maabara akiingia kliniki, akisugua viganja vipate joto, maana hamgusi mtu kwa mikono baridi. Muuguzi anamtazama kwa kijicho. Mgonjwa aliyeketi pale ni mdogo wake muuguzi, wa tumbo moja, na wiki nzima dada mtu amembembeleza atibiwe mlango wa kizazi, akaambulia kununiwa. Mtaalamu anavuta kiti, anakunja ngumi, anasimamisha kidole gumba.

"Huyu ni mlinzi wa seli, mdogo wangu. Seli ikiharibika, anaizuia isijigawe. Sasa kirusi kilichoingia mlango wa kizazi kinatengeneza protini yake, inamkamata mlinzi," kiganja cha pili kinakimeza kidole, "anavunjwavunjwa. Seli inajigawa ovyo, kasoro zinarundikana, mwisho saratani."

"Mimi nimefika huko?"

"Bado. Tukiziondoa seli hizo mapema, hutafika."

"Basi nipangieni kesho."

Mdogo mtu anacheka, anakivuta kile kidole kitoke. Muuguzi amefurahi, tena sana, lakini roho inamuuma. Habari hizohizo yeye ndiye aliyempa kwanza, ila akiwa amesimama, mikono kiunoni. Wewe ungemshukuru mtaalamu kwanza, au ungemuuliza "mdogo wangu" ni wa nani?