Ruksa ya Bibi

Juzi, katika duka moja la vipodozi Masasi, binti muuzaji alinifungulia kopo la liwa ya kupaka usoni. "Jaribu, mama, ruksa." Ile harufu ya mti wa kunukia ikanirudisha kijijini Makote, barazani kwa bibi yangu.

Siku hizo maduka yalikuwa yameanza kujaa vitu vya nje vilivyokuwa vimezuiwa, na watu wazima walikuwa na neno moja tu: sasa ni ruksa. Mama alirudi kutoka mjini na kopo la krimu lenye kifuniko cha pinki, akasema, "Vitu vya ruksa hivi!" Mimi nikaelewa kwamba krimu ile inaitwa ruksa. Watoto tulikatazwa hata kuinusa.

Alasiri moja nikamkuta bibi akisugua kijiti cha liwa kwenye jiwe, kwa matone machache, maana kwetu maji hayakuchezewa. Kumbe na bibi anayo ruksa!

"Shikamoo, bibi. Naomba ruksa."

"Marahaba. Ruksa, mjukuu wangu."

Nikafumba macho, nikamtolea uso.

"Unangoja nini? Si nimekuruhusu? Nenda!"

"Unipake kwanza."

Bibi alicheka hadi kijiti kikamponyoka. Kisha vidole vyake vya baridi vikapita mashavuni mwangu, taratibu, mpaka liwa yake yote ya siku ile ikaisha. Jioni nilimringia mama: hata mimi nimepakwa ruksa.

"Mama?" binti wa dukani aliniita.

Nilipofumbua macho, nikakuta nimemtolea uso.