Kifungu Nilichokikubali kwa Haraka

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nimekaa jikoni kwa shangazi yangu Tumpe, kule kijijini Ikolo, nikijisifu. Nilikuwa mtaalamu wa maji. Miaka yote nilipima mito. Halafu nikahamishiwa kazi ya ubalozi, nikawekwa kwenye ujumbe wetu wa mazungumzo ya nchi jirani kuhusu uhuru wa mtandao. Ujana nao! Nilidhani nimefika.

Nikamweleza shangazi kwamba nimekubali kifungu kinachoruhusu serikali yoyote kuzima mtandao wakati wa dharura. Nilitaka tumalize upesi, nionekane mtu wa kuelewana na watu.

Akaacha kumenya ndizi. "Dharura ndiyo nini?"

"Kama vita, shangazi. Au mafuriko."

"Mafuriko?" Akaniangalia. "Vile vipimo vya mto ulivyoweka mwenyewe kule Busale, si ndivyo vinavyotuletea ujumbe kwenye simu mto ukijaa? Juzi juzi hapa tumewatoa watoto kwa ujumbe huo. Sasa umekwenda huko kukubali wauzime mtandao siku ileile tunapouhitaji?"

Kazi ya mikono yangu mwenyewe nilikuwa nimeisahau.

Zilibaki siku mbili kabla ya kutia saini. Nikampigia kiongozi wa ujumbe. "Mzee, nimekosea. Naomba kifungu kile kirudishwe mezani." Alinigombeza mpaka shangazi akasikia kila neno. Mwishowe akasema, "Njoo ulieleze kosa lako mwenyewe, mbele ya wote."

Nikaenda. Niliwasimulia habari za Ikolo, za mto na simu ya shangazi. Kisha mama mmoja wa ujumbe wa Malawi akasema kwao nako mto ni uleule, na yeye hataki kifungu hicho. Jioni kikafutwa. Nilitoka nje nikapumua, sijui kama nimewahi kupumua vile tena.

Nilipompigia shangazi alisema, "Ndaga fijo," shukrani zetu hizo, kisha akauliza kama nimekula.

Basi, mwanangu, ukitumwa kuwasemea watu, waulize kwanza kabla hujakubali neno. Na ukikosea, sema mapema, kosa lingali linarekebishika, usiogope kugombezwa. Mungu akujalie watu wa kukukanya kwa upendo, akupe na moyo wa kuwasikiliza.